Emejensi Hakuna Mgonjwa Wako

Ukifika mwaka wa tano wa udaktari, watu wanaacha kukuuliza habari za mitihani, wanaanza kukuuliza utabobea kwenye nini. Anakuuliza mjomba harusini, anakuuliza mama mwenye nyumba, anakuuliza jamaa mliyemaliza naye kidato cha sita ambaye sasa yuko benki na wewe bado unasubiri bumu. Mimi jibu langu siku hizi ni fupi: tiba ya dharura. Na karibu kila mara ninaambiwa maneno yaleyale. "Emejensi? Si kazi ya kuhangaika tu ile? Huko hata kliniki yako hufungui."

Hawajakosea sana. Daktari wa watoto anaweza kufungua kliniki Sinza au Mbezi, jioni akapokea wagonjwa wake. Daktari wa wanawake atakutana na mama sokoni, aambiwe, "Dokta, si huyu hapa yule uliyenizalisha!" Daktari wa dharura hana mgonjwa wa namna hiyo. Mgonjwa wake anaingia hajitambui au anatapatapa, anakaa naye saa chache, kisha anapelekwa chumba cha upasuaji, ICU, wodini au mochwari. Akipona atamshukuru aliyemshona, na ni haki yake. Aliyemfungulia njia ya hewa saa 8 usiku hatamjua hata kwa sura.

Wiki chache zilizopita nimemaliza rotesheni yangu ya emejensi, na kabla yake nilikuwa field katika hospitali moja ya wilaya. Nimerudi kampasi na jambo moja ambalo halimo kwenye madesa yetu. Kazi isiyo na "mgonjwa wangu" haiwezi kubebwa na mtu mmoja mmoja. Inabebwa na kundi la watu wanaojuana, wanaofundishana na wanaoulizana hali. Kundi hilo lina kazi mbili: kumlea anayekuja nyuma, na kumsemea mgonjwa ambaye hawezi kujisemea. Mwanzoni niliziona kuwa kazi mbili tofauti. Sasa naziona kuwa moja, na ndiyo sababu ya makala hii.

Tuanze na historia kidogo, maana inasaidia. Fani hii ni changa kuliko wengi tunavyodhani. Nchini Uingereza, Maurice Ellis alipewa nafasi ya daktari bingwa wa kitengo cha majeruhi hospitalini Leeds mwaka 1952, na chama cha madaktari wa vitengo hivyo kilianzishwa 1967, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Nchini Marekani chama chao kilizaliwa 1968 katika jimbo la Michigan, waanzilishi wakiwa madaktari wanane, akiwemo John Wiegenstein. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Cincinnati kikampokea Bruce Janiak kuwa rezidenti wa kwanza wa fani hiyo. Hebu fikiria hali yake: mwanafunzi asiye na mwalimu wa fani anayoisomea, kwa sababu bingwa wa fani hiyo hajawahi kusomeshwa popote. Ilibidi afundishwe na madaktari wa idara nyingine. Marekani ikaja kuitambua rasmi kuwa fani ya ubingwa mwaka 1979. Kwa maneno mengine, chama kilitangulia kutambuliwa kwa miaka 11. Watu walikutana kwanza, cheti kikafuata.

Kwetu haikuwa tofauti sana. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010 kwa ufadhili wa Abbott Fund, na mwaka huohuo chuo cha MUHAS kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Wahitimu wa kwanza walitoka 2013. Lakini chama chao, kinachojulikana kwa kifupi kama EMAT, kiliundwa 2011, nchi ikiwa bado haijapata hata mhitimu mmoja aliyesomea hapahapa nyumbani. Miaka ile ya mwanzo wakufunzi wengi wa fani walitoka nje ya nchi, wakija na kuondoka. Marezidenti wa wakati huo walijifunza huku wakijua kwamba siku wakihitimu, wao ndio watakaokuwa walimu. Leo ukisoma tafiti za tiba ya dharura nchini, majina kama Hendry Sawe na Juma Mfinanga yanajirudia, na chini yao kuna msururu wa majina ya vijana. Msururu ule ni ulezi ulioandikwa kwa wino.

Bara zima limeenda hivyo. Shirikisho la Afrika la tiba ya dharura, AFEM, liliundwa 2009, na jarida lake likaanza kutoka 2011. Kuna kitu kwenye jarida lile kilichonifurahisha nilipokutana nacho: mwandishi mpya anaweza kuomba apewe mwandishi mzoefu wa kumsaidia kunyoosha andiko lake kabla halijawasilishwa. Wewe na mimi tunajua maana ya kuandika tafiti ya mwaka wa nne bila mtu wa kukusomea. Wenzetu waliona mapema kwamba daktari wa hospitali ya mkoa huko mbali ana habari muhimu ya kuiambia dunia, ila hana wa kumshika mkono.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona mwenyewe.

Katika hospitali tuliyopangiwa kwa rotesheni kulikuwa na rezidenti wa mwaka wa pili ambaye sisi wanafunzi tulimpa jina la Dada Mkubwa. Si kwa umri wake. Ni kwa namna alivyokuwa akikutazama. Alikuwa na daftari dogo la mfukoni, na kila zamu aliandika humo namba za mafaili, bila majina, mbili au tatu. Siku ya kwanza nilidhani ni mambo ya utafiti. Nikamuuliza. Akasema, "Hilo ni daftari la madeni."

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Kila mgonjwa aliyemwacha na swali kichwani, aliandika namba yake, na kesho yake au keshokutwa alipanda wodini kuangalia kilichompata. Je, maumivu yale ya tumbo yalikuwa ni utumbo uliotoboka kama alivyofikiri? Yule bibi aliyekuwa akihema kwa shida, moyo au mapafu? Siku ya tatu akanipa mimi namba moja. "Nenda wodi ya upasuaji, kasome faili, ongea na intani, ukitoka huko uje uniambie. Mdogo wangu, sisi huku tunaona mwanzo wa hadithi tu. Asiyekwenda kutafuta mwisho wake anaweza kufanya kazi miaka 20 akirudia mwaka mmoja."

Nilikwenda. Mgonjwa alikuwa kijana wa makamo yangu, amekaa kitandani anakula uji. Hakunijua. Nilijitambulisha, nikamweleza kwamba nilikuwepo usiku ule alipoletwa. Akacheka, akasema yeye anakumbuka taa za darini tu. Sikupata shukrani yoyote na sikuihitaji, lakini niliposhuka ngazi kwenda kumpa Dada Mkubwa taarifa, nilielewa jinsi watu wa emejensi wanavyoziba pengo la mgonjwa asiyerudi. Wanarudishiana habari. Mmoja anamwambia mwenzake, "Yule wako ametoka ICU." Mwingine anasema, "Yule hakufika asubuhi." Kumbukumbu ya kazi yao haikai kwa mtu, inakaa kwenye kundi.

Upande mzito zaidi niliuona usiku mmoja wa Jumapili. Aliletwa mtoto wa miaka minne, homa kali na degedege, safari ndefu kutoka nje ya mji, wamebadilisha magari mawili. Sitaeleza yaliyofanyika pale ndani. Yalifanyika yote yanayopaswa kufanyika, na mtoto akafariki. Baba yake alikuwa nje kwenye benchi, ameshika kandambili za mwanawe mkononi.

Kabla hajatoka kumwambia, Dada Mkubwa alituomba wote tuliokuwa pale kitandani, muuguzi, mhudumu, intani na wanafunzi wawili, tunyamaze kidogo. Haikuzidi dakika moja. Hakuna aliyesali kwa sauti, kila mtu na imani yake. Kisha akaniambia nimfuate, nisiseme neno, nitazame tu. Hakumwambia yule baba akiwa amesimama mlangoni. Alimpeleka kwenye chumba kidogo, akakaa naye usawa mmoja, akamwita "baba", akalitamka neno lenyewe bila kulizungusha. Hakusema "tumempoteza", hakusema "ametutoka". Alisema amefariki. Halafu akanyamaza, akakaa naye. Alikaa mpaka ndugu mwingine alipofika.

Saa 10 alfajiri tulikuwa kantini, chai ya rangi na chapati ngumu. Alituuliza maswali matatu, mmoja mmoja: tulifanya nini, tungeweza kufanya nini zaidi, na wewe mwenyewe ukoje? Swali la tatu ndilo lililonishinda kujibu. Miaka mitano nimeulizwa dozi, nimeulizwa mishipa ya fahamu, nimeulizwa sababu kumi za manjano. Sikuwahi kuulizwa na mwalimu, mbele ya mgonjwa au baada yake, mimi mwenyewe nikoje. Baadaye nilimuuliza alijifunzia wapi utaratibu ule. Akasema alifanyiwa na bingwa mmoja alipokuwa intani, na bingwa yule naye alifanyiwa na wa kabla yake. Hakuna anayedai ni wa kwake.

Huo ndio ulezi ninaousema. Si hotuba ya siku ya kukaribisha mwaka wa kwanza, si kupigana picha na profesa. Ni mtu kukuonyesha namna ya kukaa na baba mwenye kandambili mkononi, ili siku ukiwa peke yako mikono yako iwe na mahali pa kuanzia.

Upande wa pili, ule wa kumsemea mgonjwa, sikujifunzia kwa bingwa. Nilijifunzia kule field, kwa tabibu mmoja mtu mzima ambaye kila mtu pale alimsalimia shikamoo, pamoja na mganga mfawidhi mwenyewe.

Jioni moja bodaboda ilileta kijana aliyegongwa na gari lililokimbia. Damu mguuni, kichwa kimevimba, hana simu, hana kitambulisho, hana ndugu. Mwenye bodaboda alimshusha akataka kuondoka, anaogopa asije akageuzwa yeye kuwa mshtakiwa. Karani wa mapokezi akauliza fomu. Kwa asiyejua: PF3 ni fomu ya polisi ambayo majeruhi hujaziwa, na inahitajika kwa ajili ya kesi. Ni fomu halali na ina maana yake. Viongozi wamesema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Lakini kati ya tamko la kiongozi na dirisha la mapokezi kuna safari ndefu, na karani yule naye alikuwa na woga wake wa haki: mwenzake aliwahi kupewa barua ya onyo kwa kumpokea mtu bila karatasi.

Mzee hakugombana naye. Alisogeza machela mwenyewe, akasema kwa upole, "Mama, mwandike asiyetambulika. Karatasi itamkuta kitandani. Ikiuliza mtu, mimi nimesema." Akaanza: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu. Aliubana mguu ule damu ikakata, akamzuia shingo, akampa oksijeni, huku ananielekeza kwa sauti ya chini kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Nilimuuliza baadaye ule mpangilio kaupata wapi, kwa sababu aliusomea utabibu zamani sana. Akanieleza kwamba alihudhuria mafunzo ya siku 5 ya huduma ya msingi ya dharura, yale yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Msalaba Mwekundu wa kimataifa na shirikisho la madaktari wa dharura duniani. Mafunzo hayo yalitolewa rasmi 2018, na Tanzania, pamoja na Uganda na Zambia, ni miongoni mwa nchi yalikofanyiwa majaribio. Tangu siku hiyo yumo kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja na wakufunzi wao. Usiku ule alituma swali humo bila jina la mgonjwa, na kabla chai haijapoa bingwa mmoja akiwa mjini kwake alikuwa amejibu.

Lakini lililonishangaza lilikuja kesho yake. Mzee alivaa shati safi, akaenda kituo cha polisi kwa miguu. Hakwenda kulalamika. Alikaa na mkuu wa kituo, wakaongea habari za mashamba kwanza, kisha akamwomba jambo moja: majeruhi akifika hospitali, wao wapige simu, na askari alete fomu wodini. Mkuu akakubali. Wiki iliyofuata kulikuwa na karatasi imebandikwa pale mapokezi yenye namba ya simu ya kituo na sahihi ya mganga mfawidhi. Karani hakuwa tena na sababu ya kuogopa. Kijana wetu alipata fahamu siku ya pili, akataja jina lake, na mama yake akaletwa kutoka kijiji cha jirani.

Nimefikiri sana juu ya karatasi ile. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inatamka wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Katiba yetu, ibara ya 14, inaitambua haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Mwaka 2019 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe mifumo ya huduma za dharura, na Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya vifo katika nchi za kipato cha chini na cha kati vinatokana na hali ambazo huduma nzuri ya dharura ingeweza kuzikabili. Maneno hayo ni makubwa na tunayahitaji, maana bila hayo mzee angekuwa anaomba hisani tu. Lakini yote hayo, ili yamfikie kijana aliyelala kwenye machela, yalihitaji mtu mmoja aliyevaa shati safi akaenda kituoni. Na mtu huyo alikuwa na wenzake nyuma yake. Bila mafunzo yale, bila lile kundi la simu, angekuwa mzee mkorofi anayevunja utaratibu. Akiwa nao, alikuwa na hoja.

Jambo kama hilo niliona tena kwenye rotesheni. Tatizo letu lilikuwa wagonjwa kukwama emejensi usiku kucha kwa sababu wodi hazipokei mpaka raundi ya asubuhi. Mgonjwa ameshatulizwa, ameshaandikiwa kulazwa, lakini yuko palepale kwenye machela ya chuma, na anayefuata analazwa chini. Manesi walikuwa wamelalamika, intani walikuwa wamelalamika, kila mtu amechoka. Marezidenti wakaamua kuacha kulalamika, wakaanza kuhesabu. Kwa wiki mbili, sisi wanafunzi tulipewa kazi ya kuandika kwenye daftari saa ya uamuzi wa kulazwa na saa mgonjwa aliyoondoka kweli. Kazi ya kuchosha, haina utukufu wowote. Mwisho wake, lile jedwali likapelekwa kwenye kikao cha wakuu wa idara. Hakuna aliyepaza sauti. Wodi mbili zilikubali kupokea usiku. Ni mbili tu, nyingine bado zinasuasua. Lakini sasa najua kwamba utetezi unaweza kuanza na kalamu na saa ya mkononi.

Kuna watakaosema utetezi wa madaktari ni mgomo. Tunaikumbuka migomo ya 2012 hapa nchini japo wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, na Kenya mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Sitaki kuhukumu waliogoma. Mazingira ya kazi ya daktari ndiyo mazingira ya matibabu ya mgonjwa, na anayefanya kazi bila glovu ana haki ya kusema. Lakini mlango wa emejensi ndio ambao hata wakati wa mgomo watu wanauliza nani amebaki pale. Kwa hiyo watu wa fani hii wamelazimika kutafuta namna za kusema ambazo hazimwachi mgonjwa mlangoni: kuhesabu, kuandika, kukaa kwenye vikao virefu, kwenda kituo cha polisi. Ni njia za taratibu na zinachosha. Ndiyo maana hazifanyiki na mtu mmoja.

Sitaki kuwauzia picha ya peponi. Katika emejensi hiyohiyo nimeona daktari akimfokea intani mbele ya wagonjwa mpaka machozi yakamtoka, na alipoulizwa akajibu, "Sisi tulipitia, na ninyi mtapitia." Kauli hiyo tunaijua, ipo hata hosteli. Ni mnyororo wa kurithishana kama ule wa Dada Mkubwa, tofauti ni kinachorithishwa. Nimeona pia kwamba jumuiya hii bado ni ya mijini. Ukiwa kwenye hospitali kubwa una mabingwa na kikao cha asubuhi; ukiwa wilayani una simu yako na bando lako. Na nimeona wazuri wakiondoka, mmoja baada ya mwingine, kwenda nje au kwenda kwenye mashirika, si kwa kupenda fedha tu. Mtu akikaa miaka mingi bila kuulizwa lile swali la tatu, anaondoka hata kama mshahara unatosha.

Nyumbani baba yangu bado anatamani niwe daktari wa upasuaji, na ana sababu zake. Nimemweleza kwamba sijachagua emejensi kwa sababu ya ving'ora wala mbio zake. Nimeichagua kwa sababu ndipo nilipokuta watu ninaotaka kuzeeka nao kazini. Akanyamaza, akauliza, "Na kliniki?" Nikamwambia, baba, hiyo kweli sitafungua.

Sasa nije kwetu kampasi, maana makala ya jarida hili isiyoishia na kazi huwa haikamiliki. Tusisubiri kuhitimu. Nina mapendekezo matatu kwa umoja wetu wa wanafunzi, na nimeshayapeleka kwa waziri wetu wa afya kwa maandishi.

La kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeingia wodini kwa mara ya kwanza apewe mtu mmoja wa mwaka wa tano. Si wa kumpa madesa, hayo yamejaa. Awe wa kumuuliza mara moja kwa wiki: umeona nini, na wewe ukoje? Tunajua nani amepata sapu na nani yuko hatarini kudisko, lakini hatujui nani hajalala tangu alipoona kifo chake cha kwanza.

La pili, pale geti kuna kijiwe cha bodaboda, na hao ndio ambulansi ya kweli ya mji huu. Tukiwafundisha kukandamiza jeraha linalotoka damu, kumlaza vizuri asiyejitambua na kutomvuta shingo aliyegongwa, tutakuwa tumefanya kazi ambayo hakuna mtihani utakaotupa alama zake. Tuwafundishe pia namba 115 ya mpango wa m-mama, inayopigwa bure kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga. Nimeuliza darasani kwetu, wengi hawakuijua.

La tatu ni dogo. Ukiwa rotesheni, iwe emejensi au kwingine, nunua daftari la mfukoni la shilingi 500. Andika namba za wale waliokuachia swali. Kesho yake panda ngazi ukaangalie. Intani wa wodini atakushangaa siku ya kwanza, siku ya pili atakuuliza unatafuta nini, siku ya tatu atakuwa anakutunzia habari. Mkishakuwa wawili, tayari mmeanza.